Helikopta Ikikata Kona

Nimekaa ofisi moja na Bertha hapa chuoni Mbeya muda wa kutosha kumjua: anaogopa paka, anaogopa radi, lakini akiwa na kompyuta haogopi kitu. Kazi yake ni kuiga helikopta. Anaipa programu umbo la mapangaboi, mwendo na upepo, nayo inamtolea mlio utakaomfikia mtu aliye chini. Ukimtania kwamba hiyo si kazi, anakusogezea spika sikioni.

Kampuni moja ilitaka kupiga picha za misonobari kule Mafinga kutoka angani, ikamwomba akadirie kelele. Akakadiria. Akampigia na mdogo wake, Rabson, ambaye ni mkata miti msituni huko huko.

"Itapita kama bodaboda ya mbali tu. Nyie endeleeni na kazi."

Asubuhi ya safari yenyewe rubani alimtumia Bertha ramani mpya. Kulikuwa na kilima, kwa hiyo helikopta ingekata kona kali juu ya bonde. Bertha akaiingiza ile kona kwenye programu, asikie tu itakuwaje. Mimi nilikuwa namenya ndizi. Spika ikalia pa-pa-pa-pa, kama mtu anapiga mlango kwa kiganja, na Bertha akasimama.

"Ikienda moja kwa moja, pangaboi linaiacha nyuma hewa iliyovurugika," alisema. "Ikipinda, linairudia hewa ile ile na kuichapa. Kona sikuihesabu. Na bonde lile ndiko aliko Rabson!"

Nikamwambia kelele haijawahi kuua mtu. Akanitazama kama mjinga, na kweli nilikuwa mjinga. Kina Rabson wanakata kwa msumeno wa kuvutana watu wawili, na kila baada ya muda wanasimama kuusikiliza mti. Msonobari ukikaribia kuanguka hupasuka ndani kwa sauti ndogo, nao huruka pembeni. Kwa ajili ya sauti hiyo, hata simu zao huziacha kambini kwa mpishi.

Bertha akapiga simu ya Rabson. Akapokea mpishi, Mama Veneranda.

"Kamwene, mwanangu! Mdogo wako yuko kwenye mti."

"Mama, piga sufuria! Waache mti, waje!"

"Saa hizi? Si watajua kuna msiba?"

"Piga, mama, nakuomba!"

Tukasikia mwiko ukigonga sufuria. Kisha ukaja ule mlio, ule ule wa kwenye spika, ukakua mpaka mwiko haukusikika tena. Bertha alinikamata mkono, kucha zikaniingia. Alikuwa anaomba kwa Kihehe, nami Mnyakyusa nilielewa jina la Rabson tu. Niliogopa, sioni haya kusema.

Mlio ukaisha. Tukasubiri. Hatimaye kukawa na watu wanaohema.

"Dada, nani amekufa?" Ilikuwa sauti ya Rabson.

Bertha akawa analia. Nikaichukua simu mimi, nikamwambia hakuna msiba, nikamuuliza kama wote wapo na kama mti wameuacha.

"Wote tupo. Tuliuacha nusu, tukakimbia. Umeshaanguka. Nimegeuka nikauona umelala pale pale nilipokuwa nimesimama. Mwambie dada hatukuusikia."