Chumvi Iliyobaki Mfukoni

Harufu ya samadi mbichi iliyochanganyika na moshi wa kuni ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi nyumbani kwetu, kijijini Daudi. Nyuma ya zizi palikuwa na lundo moja tu, nalo lilipokea kila kitu: majivu, maganda ya maharage, mabua, chochote kilichofagiliwa ndani. Bibi alisema hakuna takataka duniani, kuna samadi ambayo haijaiva. Kwa enzi zake alikuwa sahihi. Lakini nilipokuwa darasa la tatu, maduka yalikwisha kutuletea chumvi, sukari na mkate kwenye mifuko ya plastiki, nasi tukaitupa palepale. Baba alipomwaga samadi shambani, vipande vya mifuko vilipepea juu ya matuta, na hakuna aliyejiuliza. Mazoea yana taabu.

Msimu huo tulikuwa na ng'ombe wa mjomba. Kwetu, mwenye mifugo mingi humkabidhi ndugu ng'ombe amtunzie: maziwa ni ya mtunzaji, ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe. Mjomba, kaka yake mama, aliishi Nangwa, na alitupa jike mwekundu mwenye baka jeupe kwa sababu mama alikuwa amekaukiwa na maziwa na mdogo wangu alikuwa bado mchanga. Mtoto yule alinenepa kwa maziwa ya ng'ombe yule. Asubuhi moja tukamkuta ng'ombe amevimba ubavu, hali, hacheui. Mama alimnywesha mafuta, baba akamkanda tumbo, lakini jioni akafa. Walipompasua walikuta furushi la mifuko iliyosokotana, mingine bado ina maandishi ya chumvi. Ng'ombe na chumvi mnawajua. Tulikuwa tumemtegea wenyewe, nyuma ya zizi letu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Desturi inataka mwenye ng'ombe aonyeshwe ngozi, ajue hukumuuza. Mjomba alikuja. Nikamwamkia, "Shikamoo, mjomba." Akaitikia bila kunitazama. Aliigeuza ngozi, kisha akalichokonoa lile furushi kwa fimbo.

"Shemeji," alimwambia baba, "huyu hakufa kwa ugonjwa. Ameuawa na jiko lenu."

Hakutupatia ng'ombe mwingine. Mdogo wangu akarudi kwenye uji mwepesi, akakonda, na kilio chake kilinikera na kuniumiza kwa pamoja. Mama akabadili kila kitu. Majivu na maganda yalikwenda lundoni. Makopo na chupa vilikaa peke yake. Mifuko aliisuuza mpaka ladha ya chumvi iishe, akaianika uani, akaishindilia kwenye gunia. Majirani walimcheka, eti anafua takataka. "Afadhali nifue mfuko," aliwajibu, "kuliko kuchuna ng'ombe wa watu." Mnunuzi wa plastiki alipoanza kupita kijijini, gunia letu alilibeba bila swali kwa kuwa lilikuwa safi na kavu. Ya wale waliocheka aliyarudisha, yananuka.

Leo naishi Katesh, nami nasuuza, nakausha, natenga kama mama. Kisha trekta ya taka inakuja, na watu wake wanamimina magunia yangu juu ya maganda na majivu ya mtaa mzima. "Mama, si zote ni taka tu?" wananiuliza, na mimi nabaki nimeshika gunia tupu. Ni kutwanga maji kwenye kinu. Sisi wa zamani tulikuwa hatujui; hawa wa leo wameelezwa kwenye kila mkutano, wakapiga makofi, wakaenda nyumbani.

Juzi nilipita dampo nikamwona ng'ombe amezamisha pua kwenye mfuko wa chumvi, anaulamba, anautafuna. Nikamfukuza kwa madongo huku napiga kelele. Mwanamume wa rika langu akaja mbio.

"Mama, mwache ale! Hapa si shambani kwako."

"Unajua anakula nini? Huyu ng'ombe ni wako?"

"Si wangu," alisema. "Mjomba amenipa nimtunzie. Nina mtoto mchanga."