Gauni la Mwanamke wa Herufi

Satini mpya ikipigwa pasi ya mkaa ina harufu yake, tamu kidogo na ya kuungua kidogo. Kila inaponifikia puani narudi Lilongwe, mtaa wa Area 23, sebuleni kwa Mai Banda, nimekaa sakafuni na miguu yangu ina vumbi la Dzaleka. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Mimi na mama tulikuwa tumetoka Bukavu, na kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ilikuwa bado changa, kiasi kwamba wenyeji wengine waliendelea kuiita gereza, maana ndivyo ilivyokuwa kabla yetu.

Mama alikuwa mshonaji. Kule Bukavu alikuwa na cherehani yake ya miguu, na karibu na Noeli wateja walisukumana mlangoni na vitenge vyao. Cherehani hiyo ilibaki tulipokimbia. Kambini alishona kwa mkono: magoti ya suruali, kola zilizochakaa, mifuko ya shule. Sikuwahi kumsikia akiililia nyumba wala vyombo, ila cherehani aliililia. Mtu akimuuliza kazi yake alijibu, "Mi ni couturière," kisha akavitazama vidole vyake.

Mtu mmoja wa kanisani ndiye aliyempelekea Mai Banda habari za mama, na Jumamosi moja tukapanda matola, zile pikapu zinazobeba abiria na magunia ya mahindi pamoja, tukaenda mjini. Mai ni mama kwa Kichewa. Huyu alikuwa mjane mwenye sauti nzito na nyumba yenye umeme. Binti yake, Chikondi, alikuwa karibu kufanyiwa chinkhoswe, sherehe ya uchumba ambapo ndugu wa pande mbili hubadilishana jogoo na tetea mbele ya watu. Kaka yake aliyefanya kazi Afrika Kusini, kwa Joni kama walivyosema wenyewe, alikuwa amemtumia kipande kimoja cha satini ya buluu. Hakikuwepo kingine.

Kwenye kona ya sebule, chini ya kitambaa cha kufuma, palikuwa na cherehani ya mkono. Mai Banda akaifunua.

"Mwambie mama yako hivi," aliniambia kwa Kichewa, maana hicho nilikuwa nimekiokota kambini kwa watoto wenzangu. "Amshonee Chikondi gauni analolitaka, na cherehani hii ataondoka nayo. Akiniharibia kitambaa, basi, zikomo, asante, kila mtu na njia yake."

Nikatafsiri. Mama aligeuza gurudumu la cherehani kwa kidole kimoja, taratibu, ameinamisha sikio. Nilimwona akimeza mate.

"Gauni gani?" nikauliza kwa niaba yake.

Chikondi akawasha televisheni.

Hapa lazima niwaeleze ninyi mliokua na televisheni nyumbani. Malawi ya wakati ule haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Aliyekuwa na seti aliitumia kwa kanda za video, au kwa kitu kama hiki ambacho kaka mtu alikituma pamoja na satini: kisanduku cha michezo na kaseti yake. Mchezo wenyewe ulikuwa umeigwa kutoka kwenye shindano la televisheni la Wazungu, la kubahatisha herufi mpaka maneno yaliyofichwa yajulikane. Hilo sisi hatukulijua. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa televisheni yenyewe, na kama mngeniambia kwamba kuna nyingine ningewacheka.

Gurudumu kubwa la rangi nyingi lilizunguka, ka-ka-ka-ka, likapunguza mwendo, likasita, nami nikasahau kupumua. Ukipatia herufi, watu wasioonekana walipiga makofi. Kisha akatoka mwanamke. Alipita mbele ya ubao bila kishindo, akagusa kigae, herufi ikafunuka, akaenda zake. Alikuwa amevaa gauni refu.

"Hilo," alisema Chikondi.

Nikapewa kidude cha kuchezea. Mchezo uliuliza jina la mchezaji, na Chikondi akaliandika langu, FURAHA. Jina hilo lilikuwa limeandikwa na watu wengi tangu tuvuke mipaka, kwa kalamu za kila namna, lakini sikuwa nimewahi kuliona likiwaka. Makofi yakalia. Msinicheke, niligeuka nyuma kutazama anayepigiwa ni nani.

Shida ilikuwa moja: mwanamke yule alitoka tu herufi ikiwa sahihi. Ukikosea, mlio mbaya ulisikika na zamu ikaenda kwa wachezaji wengine wawili waliokuwa humo ndani, ambao niliamini ni watu kabisa, wamekaa sebuleni kwao mahali fulani wakinisikitikia. Kwa hiyo ili mama alione gauni, mimi nilitakiwa kupatia, na Kiingereza nilikuwa sikijui. Nikajiuliza ni herufi gani haikosekani kwenye neno lolote la binadamu. Nikachagua A.

"A inauzwa," alisema Chikondi. "A, E, I, O na U unazinunua kwa pesa za mchezo. Nyingine zote ni bure."

Nilipomtafsiria mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Banauzisha A? Sasa bantu ba kule banasemaka 'mama' namna gani?" Alipomaliza kujifuta machozi akanisogelea. "We ununue tu. Ununue zote."

Nikanunua. A ilikuwa imejificha kila upande wa ubao, na yule mwanamke akatembea kutoka mwanzo hadi mwisho, kigae hiki, kigae kile. Nikanunua E, akarudi tena. Chikondi akashika kichwa. "Iwe, wewe! Unamaliza pesa yote, utashindwa!" Nilishindwa kweli, raundi baada ya raundi, na sijawahi kushindwa kwa raha namna ile. Mama alikuwa amepiga magoti karibu na kioo, uso wake umeingia rangi ya buluu, akinong'ona peke yake: "Mukono inaanzia hapa. Kiuno inaingia hapa." Kisha kwangu: "Umurudishe tena. Sijaona mugongo."

Mgongo ndio uliokuwa na kazi. Siku ya chinkhoswe Chikondi angesimama mbele, uso kwa wazee, na wageni wote wangekuwa nyuma yake. Nikanunua I. Nikanunua O. Mama hakupepesa macho.

Ndipo umeme ukakatika.

Tulingoja. Tulipewa nsima, ugali wa huko, na majani ya maboga, tukala, tukanawa, na kioo kikabaki cheusi. Sherehe ilikuwa Jumamosi iliyofuata, umeme ungeweza kukaa siku kadhaa bila kurudi, na gauni la satini haliwezi kushonwa kwa siku mbili, hivyo kitambaa kilipaswa kukatwa siku ile ile. Mai Banda alikileta kimekunjwa, akakiweka mezani, lakini hakuondoa mkono wake juu yake.

"Muulize," aliniambia. "Ameuona mgongo, au hajauona?"

Niliuliza huku naogopa, maana mimi nilikuwa nimekodoa macho pamoja naye muda wote na sikuwa nimeona mgongo wowote.

"Nimeona," mama akasema. Akaomba mkasi.

Nilidhani labda nilikuwa nimefumba macho wakati huo. Mama alikata magazeti kwanza, akayapanga juu ya satini, akayatazama kwa muda mrefu bila kugusa kitu. Kisha mkasi ukaingia. Tulikaa pale juma zima. Cherehani ilipakwa mafuta, ikagoma, ikakubali.

Siku yenyewe Chikondi alipita katikati ya viti akaenda kusimama mbele ya wazee. Mgongoni, kuanzia mabegani, satini ilikuwa imelegea ikaanguka kwa mikunjo laini hadi kiunoni, na kutoka hapo vifungo vidogo vilivyovalishwa kitambaa kile kile vilishuka kimoja chini ya kingine. Wanawake wakapiga vigelegele kabla hata jogoo hajaletwa. Mai Banda alijifuta macho kwa chitenje, akaingia ndani kuifunga cherehani kwenye gunia.

Dzaleka nzima nikaitangazia kwamba gauni lile nililitoa mimi kwenye televisheni, kwa herufi zangu. Mama hakuwahi kunikanusha. "Ni kweli," aliwaambia majirani, "njo yeye alininunulia voyelles, zile A na E." Niliishi na fahari hiyo miaka mingi, mpaka nikawa mtu mzima mwenye watoto.

Halafu siku moja, kwenye kibanda cha fundi simu mjini Lilongwe, nikamkuta kijana anayeweka michezo ya zamani kwenye kompyuta yake. Mchezo wetu ulikuwemo. Nikanunua A, mwanamke akatoka, nikamwomba kijana asimamishe picha. Nilisogea karibu alivyosogea mama. Lile gauni lilikuwa vimraba vichache vya rangi. Halikuwa na mikono wala kiuno, na aliporudi upande wa pili, mchezo uliigeuza tu picha ile ile. Mgongo haukuwepo. Haukuwahi kuwekwa. Nikakaa kwenye benchi la fundi nimeduwaa kuliko nilivyoduwaa mbele ya gurudumu lile, nikimwona mama yangu, asiye na chochote duniani, akitia mkasi kwenye kitambaa ambacho hakikuwa na mwenzake, kwa ajili ya mgongo ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona.

Nilipofika Dzaleka nilimkuta anashona. Nikamweleza yote, vile vimraba, ile picha ya kugeuzwa.

"Lakini mama, siku ile ulisema umeuona."

"Nilisema nimeona," akajibu, macho yakiwa kwenye mshono. "Sikusema ni mu televizio."