Siku Niliyookoka Mara ya Pili Kathonzweni

Mke wangu amesimulia kisa hiki kwa harusi za watu, kwa chama chake cha akina mama, hata kwa fundi aliyekuja kurekebisha mfereji, na kila akisimulia anaongeza chumvi, kwa hivyo leo wacha niseme mwenyewe, maana aibu ni yangu na sioni kwa nini wengine ndio waifaidi. Mkitaka kucheka chekeni, nimeshazoea. Lakini mjue kabisa kwamba siku hiyo mimi sikumkosea mtu. Kosa langu lilikuwa moja tu, sikuwa na gari.

Hii ni miaka ya themanini, nikiwa karani Industrial Area, Nairobi, kijana mwembamba mwenye suti moja. Nilikuwa nimempenda Mwikali, aliyekuwa akipiga taipu kwa ofisi ya ghorofa ya juu. Yeye ni Mkamba wa Kathonzweni, mimi ni Mkikuyu wa Murang'a. Baba yake, Mzee Mutua, alikuwa mzee wa kanisa, tena wa kanisa lile ambalo hata karata hawataki kuziona, na alikuwa ametuma ujumbe wenye masharti mawili. Binti yake haolewi na mtu ambaye hajaokoka, na hamtoi kwa mtu ambaye hajamwona kwa macho yake. Sharti la kwanza halikunipa wasiwasi, kwa sababu niliokoka nikiwa shule ya sekondari, kuokoka kwa kweli, na Mwikali alikuwa ameshawaambia kwao. La pili nalo lilikuwa rahisi, niende Jumamosi, nionekane, nilale huko, turudi pamoja na Mwikali Jumapili. Yeye alitangulia Ijumaa.

Sasa, mtu mwenye gari akikwambia anatoka Nairobi wikendi, anamaanisha kupumzika. Asiye na gari akisema hivyo hivyo, anamaanisha kazi ya sulubu (na Jumatatu ofisini wote wawili wanaulizwa kama walipumzika vizuri). Nilidamka, nikavaa suti, nikafungasha shati jeupe la Jumapili kwa mkoba, nikapanda basi la kwenda mji wa Wote, na basi likaenda vizuri mpaka Mukuyuni, ambapo lilikohoa, likatoa moshi, likakataa. Kondakta akasema ni dakika kidogo tu. Fundi akaingia chini ya basi tukabaki tunaona miguu yake, na nilipotazama upande wa pili nikaona akina mama waliosafiri na sisi wameshavua viatu, wametandika leso na wameanza kugawana viazi vitamu, nikajua hao wanalijua hilo basi kuliko kondakta.

Ningekaa nao. Ningekula viazi vitamu nikafika jioni nimechelewa lakini mzima, na mngekuwa hamna cha kucheka leo. Lakini mimi nikaona lori limesimama karibu na duka, dereva anakunywa soda, nikaenda nikamuuliza anaenda wapi, akasema Kathonzweni, nikaona Mungu amenikumbuka. Aliitwa Musyoka. Alinitazama kuanzia tai mpaka viatu, akaniambia turniboi wake, yule wa kumshushia mizigo, ameshuka njiani kwa sababu ya kuumwa na tumbo, na kwamba kwake hakuna abiria, kuna wafanyakazi tu. Nikasema hakuna shida (hapo ndipo nilipojiuza). Nikapanda. Tulipoingia kwenye shimo la kwanza nikasikia nyuma, chini ya turubai, chupa zikigongana.

Mimi tangu nizaliwe sijaonja pombe. Mama yangu alikuwa wa kikundi cha akina mama kanisani, baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, hata kitoweo chetu hakikuwahi kuungwa kwa divai kama kwenye hadithi za Wazungu. Na sasa nikawa nashusha kreti za bia mjini Wote, baa baada ya baa, nikiwa na tai, huku Musyoka akiwa ameketi akiandikiwa risiti na kuniita "Bwana Karani, harakisha". Baa ya tatu kreti ikaniteleza. Chupa zilivunjika, bia ikanirukia kifuani ikateremka mpaka kwenye soksi, na mwenye baa, mama mmoja mnene mwenye huruma nyingi, akanipangusa kwa kitambaa cha kupangusia meza, ambacho kilikuwa na bia kuliko mimi. Nikamwambia Musyoka nataka kubadilisha shati. Akasema nitabadilisha Kathonzweni, kwani bia si matope.

Nilikuwa nimejipangia vizuri. Tukifika, nashukia mwisho wa soko, naingia nyuma ya maduka, natafuta maji, navaa shati jeupe, halafu naenda kwa Mzee Mutua kama binadamu. Kitu ambacho Mwikali hakuniambia (na mpaka leo anasema aliniambia) ni kwamba Jumamosi hiyo kanisa lao lilikuwa na mkutano wa injili, na mkutano wenyewe ulikuwa sokoni, na jukwaa walikuwa wamelisimamisha mbele ya baa makusudi, ili walevi wasikie wakiwa hapo hapo. Musyoka aliingiza lori katikati ya maombi. Watu wamefunga macho, yeye anapiga honi. Macho yakafunguka yote, na nikashuka mimi, nimelowa, nimekumbatia mkoba. Kwenye jukwaa, kiti cha kwanza, kulikuwa na mzee mrefu mwenye koti la kijivu, na kwa jinsi alivyofanana na Mwikali sikuhitaji kuambiwa ni nani.

Nikajaribu kupita pembeni. Mama mmoja aliyevaa utepe wa wakaribishaji akanikatiza njia, akanisalimia kwa heshima, akasema mgeni wa suti hawezi kusimama nyuma. Aliponikaribia akanusa, na badala ya kuniachilia akanishika mkono kwa nguvu zaidi. Alinipeleka mpaka benchi la mbele kabisa. Mwikali alikuwa upande wa kwaya, nilimwona akifunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo.

Hapa inabidi niwaeleze jambo la lugha. Kikamba na Kikuyu ni ndugu wa tumbo moja, mvua kwetu ni mbura, kwao ni mbua, ukiwa Mkikuyu ukikaa na Wakamba unaanza kutikisa kichwa kama mtu anayeelewa, na mimi nilikuwa nimetikisa kichwa kwa mwaka mzima tangu nimjue Mwikali. Mhubiri alikuwa ametoka Kanyangi, ng'ambo ya Mto Athi, mtu wa sauti kubwa, na spika zilikuwa zinakwaruza, nikawa nashika neno moja hapa neno moja pale. Nilisikia Nairobi. Nilisikia njia. Halafu akauliza swali, akanyamaza, akauliza tena akitembeza macho kwa watu, na katika swali hilo nikalisikia neno moja safi kabisa, tangiika.

Kwetu Murang'a, kutangika ni kuteseka. Ni kupata taabu mpaka mtu anakuhurumia. Nikasema moyoni, basi, mhubiri anawakaribisha wageni waliotoka mbali, anauliza nani ameteseka njiani, na kama kuna mtu Kathonzweni nzima aliyeteseka siku hiyo kuliko mimi, basi ajitokeze. Niliinua mkono. Nilipoona ni mimi peke yangu nikainua na wa pili.

Sijawahi kusikia vigelegele kama vile. Kwaya ililipuka, yule mama wa utepe akaanza kulia, watu wawili wakanishika makwapa wakanipandisha jukwaani, nikawa nawaza hawa Wakamba ni watu wa ukarimu ajabu. Mhubiri aliponiuliza jina na kusikia Kamau, akahamia Kiswahili.

"Ndugu Kamau, waambie watu kwa nini umeinua mkono."

"Nimeteseka sana," nikasema kwa spika.

"Bwana asifiwe. Umeteseka tangu lini?"

"Tangu Mukuyuni."

Akafikiri kidogo, akaona pengine Mukuyuni ndipo nilipoanzia ulevi, akaitikia Amen. "Na ni nini kilikuleta hapa leo?"

"Lori."

"Lori ya nini, ndugu? Usifiche."

Nikatazama lile lori. Musyoka alikuwa anashusha kreti peke yake sasa, kwa hasira. "Ya bia," nikasema.

Soko zima likapiga makofi. Nilianza kuona kuna kitu hakiendi sawa waliponipigisha magoti, na kufikia wakati mhubiri ananiwekea mikono kichwani akiamuru pombe initoke, nilikuwa nimeelewa kila kitu bila mkalimani. Nikafungua jicho moja. Mzee Mutua hakupiga makofi, hakusema Amen, alikuwa ananitazama tu.

Mwikali alinipata nyuma ya jukwaa nikiwa na shati jeupe mkononi na maji hakuna. Nikamuuliza kutangiika ni nini kwa Kikamba. Akasema ni kuokoka. Halafu akakaa chini kwenye jiwe akacheka mpaka akalia, halafu akaacha kucheka, akabaki analia tu, kwa sababu alikumbuka alichowaambia wazazi wake, na mimi nikajua shida sasa haikuwa shati. Mtu aliyeokoka zamani hainui mkono. Mbele ya soko lote nilikuwa nimetangaza kwamba Mwikali ni mwongo na mimi ni mlevi.

Nyumbani kwao nilijieleza. Nilieleza basi, nikaeleza lori, nikaeleza kreti, nikaeleza Kikuyu na Kikamba, na jinsi nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kunuka. Mhubiri, aliyekuwa amealikwa chakula, alitikisa kichwa kwa huruma akasema hivyo ndivyo adui hufanya, humwambia mtu saa ile ile kwamba hakumaanisha. Mama yake Mwikali aliniongezea nyama, lakini alikuwa anaitazama sahani, si mimi. Mzee Mutua alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tuliambiwa umeokoka ukiwa shule," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na leo sokoni?"

Nikaanza tena kwenye basi, kwa mara ya nne. Akasema basi hakuna neno, kanisani kwao mtu akiinua mkono anaingia darasa la waumini wapya, kila Jumamosi mpaka karibu na Krismasi, na mambo ya harusi yatazungumzwa darasa likiisha. Na mwalimu wa darasa, nikaja kujua, alikuwa yeye.

Nisiwachoshe na habari za hizo Jumamosi. Nilikwenda na basi, nikaenda na lori la mbao, nikaenda na tingatinga kutoka Wote, siku moja nikatembea kipande kizuri cha njia na viatu shingoni kwa sababu mto mkavu uliamua kujaa. Yote hayo nifike nikae benchi moja na mzee aliyekuwa ameacha kupika pombe juzi na wamama wawili waliokuwa wakisinzia, nifundishwe dhambi ni nini. Nilijua majibu yote. Nikijibu haraka Mzee Mutua ananiambia nisikariri, nifikirie. Nikijibu polepole ananiambia nimeanza kurudi nyuma. Ofisini wenzangu waliniuliza ninafurahia nini huko Ukambani kila wikendi, nikawaambia hali ya hewa. Usiku nilikuwa nawaza niache kabisa, niseme wanawake wako wengi, halafu Jumatatu namwona Mwikali akishuka ngazi na faili zake, naacha kuacha.

Jumamosi ya mwisho, darasa lilipokwisha, Mzee Mutua aliniambia tutembee pamoja mpaka nyumbani. Jua lilikuwa linachoma, sote wawili tumejaa vumbi. Tulipita soko, tukaipita ile baa. Tulipofika kwenye kijia cha kwao akasimama, akaniwekea mkono begani, akaniambia kwa Kikuyu safi, Kikuyu cha Murang'a kabisa, "Niutangikite muno." Umeteseka sana.

Nikamuuliza Kikuyu amekitoa wapi. Akanieleza kwa upole, akirudi kwenye Kiswahili, kwamba kabla ya kuoa alifanya kazi ya useremala Murang'a kwa miaka, akijenga makanisa, na watu wa huko ndio waliomfundisha Kikuyu na chai ya maziwa. Nikamuuliza alinielewa lini. Akasema pale pale jukwaani, niliposema Mukuyuni, na alishukuru Mungu kwa upepo wa vumbi uliompa sababu ya kufunika mdomo, maana vinginevyo watu wangemwona akicheka.

"Sasa mbona hukusema, mzee?" Sauti yangu ilipanda, na sikujali.

"Kijana ambaye hana gari anaweza kuja kwa binti ya mtu mara moja," akasema. "Hata mwizi anakuja mara moja. Mimi nilitaka kuona ya pili."

Ya pili, jamani. Nilikuwa nimeenda mpaka kondakta wa basi la Wote ananiita shemeji. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kumkumbatia, nikakohoa tu kwa sababu ya vumbi, naye akaendelea kutembea, akiniita kwa mara ya kwanza mwanangu, akisema tuharakishe kwa sababu wazee wengine wameshafika kusikia mambo ya harusi.

Tulioana. Tunaishi vizuri, kama mtakubali kwamba mtu anaweza kuishi vizuri na mwanamke anayemuuliza mbele ya wageni aliokoka lini, mara ya kwanza au mara ya pili. Lakini tangu siku ile, niende kanisani, niende mkutano wa wazazi shuleni, niende kwa chifu, mtu akisimama mbele akaanza kuuliza nani hivi na nani vile, hata kwa Kiswahili, hata kwa Kikuyu cha mama yangu mzazi, mimi mikono yangu naikalia.