Kipande Kitupu cha Upande wa Pili

Muziki wowote unapokwisha, mimi husubiri kikohozi. Wanafunzi wangu wa muziki chuoni hapa Kitui wanaijua tabia hiyo. Kwaya ikinyamaza nami nikabaki nimeinamisha kichwa, hudhani ninaomba. Siombi. Ninasikiliza kama kuna mtu aliyebaki ndani ya kimya.

Nilipata mazoea hayo kwa sababu ya kanda moja ya hevi metali. Kaka yangu aliinunua Emali, kwenye kibanda kilichouza betri, miwani ya jua na nyimbo za injili. Albamu yenyewe ilikuwa imeuzwa duniani kote, kwa wingi hata nakala zake za wizi zikafika kwetu Makueni, ambako hakuna aliyekuwa ameziulizia. Jalada lilikuwa fotokopi nyeusi. Wino ulikuwa umezimeza nyuso za wanamuziki, zikabaki nywele tu. Ngoma zilisikika kama kokoto zinazomwagwa na lori, na mwimbaji kama mtu anayeita kutoka chini ya kisima. Wimbo wa mwisho tu ndio uliokuwa wa polepole, gitaa moja likilia peke yake mpaka likachoka. Baada yake kulikuwa na mvumo mtupu, kwa kuwa aliyenakili alitumia kanda ndefu kuliko albamu.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili moja alasiri, akina mama wa maombi wakiwa wameketi sebuleni, kanda ile iliunguruma kutoka chumba cha kaka. Baba alimwita.

"Hao wanalilia nini?"

"Hawalii, baba. Wanaimba."

"Mtu akiimba hivyo kanisani kwetu, tunamwekea mikono na kumkemea pepo."

Akina mama walicheka. Kaka alisubiri wamalize, kisha akasema kwa adabu kwamba hata kwenye maombi yao watu walipiga kelele vilevile, ila hawakuwa na gitaa. Hakuna aliyecheka tena. Baba alimwambia achague kati ya nyumba hii na kelele zile. Kesho yake kaka alipanda lori kwenda Mtito Andei kujifunza umakanika. Kanda aliiacha, pengine ili ionekane kwamba hakuichagua.

Baba aliugua koo nilipokuwa chuo kikuu. Aliyoyafanya siku zake za mwisho niliyajua mwaka huu tu, kutoka kwa mama. Ninalolikumbuka mwenyewe ni la siku ya mazishi. Kaburi lilipokwisha kufunikwa, mama alimkabidhi kaka kanda yake na kusema, "Baba yako alisema urudishiwe." Kaka aliitia mfukoni bila kuitazama. Aliondoka kabla ya chai.

Hakurudi tena kukaa. Alituma mabati, alituma tangi la maji, alituma dawa za presha za mama kwa mabasi ya barabara ya Mombasa. Mwenyewe hakuja. Mama hakuwahi kumlaumu mbele yetu, ila kila gari lilipopunguza mwendo penye njia yetu, aliacha alichokuwa akifanya.

Mwaka huu, tukichambua pojo, aliniuliza ghafla, "Ndugu yako alipewa baraka na baba yake. Mbona hakuja kuitikia?"

"Baraka gani, mama?"

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Nyumbani kwetu, neno la baraka ni la masikio ya anayebarikiwa. Mtu mwingine akitangulia kulitaja, linahesabika limevunjika; naye aliyebarikiwa huitikia kwa kuja nyumbani na mbuzi wa kuchinja. Kwa hiyo mama alikuwa amenyamaza miaka yote hiyo, akiamini kwamba mwanawe alisikia na akakataa kuitikia. Siku ile alinieleza yale ambayo hayangevunja kitu. Baba aliiomba redio kaseti, akakaa nayo mchana kutwa, akaisikiliza albamu nzima pande zote mbili. Mama alidhani ugonjwa umepanda kichwani. Kumbe alikuwa anatafuta mahali muziki unapoishia, asije akaufuta. Hapo ndipo aliporekodi. Alichosema, mama hakukitaja.

Nilikwenda Mtito Andei. Kaka alikuwa chini ya pikapu kuukuu, miguu nje.

"Mwalimu," alisema alipotoka, "umeota mvi. Watoto wa watu wanakumaliza."

"Na wewe umeota kitambi. Kanda yako iko wapi?"

Alinielewa mara moja, akakunja uso. "Ile aliyonitupia? Sijawahi kuicheza. Mtu anakufukuza na kelele zako, halafu anakufa, na neno lake la mwisho ni kwamba kelele zako zikufuate."

"Na hukuitupa."

Aliitoa kwenye kopo la balbu kuukuu, ikiwa imefungwa kwa kitambaa safi.

Pikapu ilikuwa na redio ya kaseti iliyokuwa ikifanya kazi bado. Tuliketi ndani, joto likitoka kwenye bati, malori yakipita. Nilitaka kusogeza kanda mpaka mwisho, naye akanizuia. Ingeweza kukatika. Basi tuliisikiliza yote, kama baba alivyoisikiliza. Wimbo wa mwisho ulipofika niliinamia spika. Kanda iliyokaa muda huo wote ingeweza kuwa imemeza kila kitu.

Gitaa lilichoka. Mvumo ukaja. Kaka alinyoosha mkono kuizima.

"Ngoja," nilimwambia.

Mvumo uliendelea, mrefu. Kisha mtu akakohoa.

Mkono wa kaka ulibaki hewani. Sauti ilikuwa nyembamba, ya koo lililoliwa, lakini ilikuwa yake, kwa Kikamba chake cha taratibu: "Mwanangu, nimewasikiliza watu wako wote mpaka wamenyamaza. Sasa ni zamu yangu."

Maneno yaliyofuata sitayaandika, kwa sababu nisiyoweza kuitetea chuoni. Nilijaribu hata kutoyasikia. Mwishoni baba alifanya anavyofanya mzazi anapobariki, akatema mate kidogo, yale yanayotemewa kifua cha mwana, na kwenye spika ikasikika pumzi fupi yenye unyevu. Kaka alikuwa amekwisha kufungua zipu ya ovaroli, kifua wazi kuelekea redio.

Baba alisahau kuzima. Kuku walisikika, na mlango, na sauti ya mama, changa kuliko ninavyoikumbuka, ikiuliza kwa mbali, "Unaongea na nani humo?"

"Na mtoto," alijibu baba.

Kanda ikafika ukomo. Kaka alifunga zipu, akashuka. Aliosha mikono kwa sabuni ya unga mpaka viwikoni, akaisuuza, akaiosha tena.

"Mama," aliniuliza akiwa amenipa mgongo, "siku hizi nyama bado anaweza kutafuna?"