Kirukia cha Sebuleni

Harufu ya gome la mti lililolowa maji hunitia wasiwasi hadi leo. Juma lililopita mwenzangu mmoja kazini, hapa Kilimani, Nairobi, aliletewa zawadi ya okidi, akaiweka dirishani na kuimwagia maji. Wenzetu wakakusanyika kuyasifu maua. Mimi niliinama kwanza nikaiangalia mizizi, imeelekea wapi na inamfuata nani. Wakanicheka. Wewe usinicheke kabla hujanisikiliza, maana nilikua na mmea wa namna hiyo sebuleni kwetu, na kuna wakati niliamini kabisa kwamba ulikuwa unamla baba yangu.

Tulikaa gorofa ya tatu, si mbali na hapa ninapofanyia kazi. Baba alikuwa karani katika duka la vitambaa mjini, mtu wa Mombasa, mpole, asiyejua kupaza sauti. Mama alitoka Kakamega. Alisilimu akaitwa Mariamu, akaolewa, na katika vitu alivyokuja navyo kwa mumewe kulikuwa na kipande cha gogo chenye okidi iliyojishikiza juu yake, bila chungu wala udongo. Aliutoa mmea huo kwenye mti ulioangushwa nyumbani kwao. Gogo lile aliliweka kwenye rafu kando ya dirisha, na kila asubuhi alilinyunyizia maji, ndipo harufu ile ya gome ikasambaa nyumba nzima.

Ulikuwa mmea mdogo, majani yake manene yakizidi kiganja changu kidogo tu. Mama alisema ulikuwa karibu hivyo hivyo nilipozaliwa. Mimi nilikuwa nimeota meno, yameng'oka, nimeota mengine. Wenyewe ulikuwa umeongeza jani hapa, umepukutisha jani pale, basi. Maua nayo uliyatoa ulipojisikia, meupe na membamba, halafu ukanyamaza tena. Sikuwa na ugomvi nao wakati huo.

Kisha Bibi akaja, mama yake baba, kutoka Mombasa, kutibiwa macho. Macho yenyewe, nakwambia, hayakuwa na ubovu mkubwa, kwa sababu hakuna kilichompita. Nyama ikiletwa kutoka Dagoretti, aliuliza imechinjwa na nani na huyo mchinjaji anaswali msikiti gani. Maziwa aliyanusa. Nguo alizofua mama alizigeuza upande wa pili. Mama akisema, "Hii maua inataka maji," Bibi alinigeukia na kuninong'oneza, "Maua haya, mwanangu. Haya. Usije ukasema vile wewe." Alinong'ona kwa namna ya kusikika. Mama alijifanya anatafuta kitu kabatini.

Alasiri Bibi aliongea kwa simu na shangazi yangu Zuhura, aliyekuwa Mombasa. Mama akipita, Bibi alishusha sauti, jambo lililotosha kunifanya nitege sikio. Siku moja nikasikia hivi:

"Hicho kirukia kitamkausha mwanangu! Miaka yote hii kimetoa jani moja tu. Wallahi, Ramadhani haiingii kingali mumu humu."

Sasa elewa kwamba mimi naitwa Rukia. Ukilibandika jina la mtu ki- mbele umemfanya kidude, na hicho kidude nikaona ni mimi. Nilijifungia bafuni nikalia. Nilipotoka, pua imejaa, nilimwendea Bibi nikamuuliza nimemkosea nini. Alishtuka. Akatazama kwanza mlango wa jikoni, ndipo akanijibu.

"Si wewe, mwanangu. Jina lako ni la heshima hilo. Kirukia ni mmea. Huota juu ya mti wa mwenzake, ukaunyonya mpaka mti ukafa."

Nikageuka kutazama rafu. "Kama ule wa mama?"

Bibi alitazama tena mlango wa jikoni. "Ehe," akasema. "Kama ule."

Hapo amani yangu ilikwisha. Jambo moja tu lilinitatiza: Bibi alisema jani moja, na mimi nikiyahesabu naona zaidi. Nikajiambia labda ndiyo hayo macho yaliyomleta Nairobi.

Nikaanza upelelezi. Kila nikitoka shule niliupima mmea kwa rula, nimebana pumzi kana kwamba utanisikia. Jani changa kabisa halikusogea. Nikipima leo, nikipima kesho kutwa, ni pale pale. Muhula mzima liliongezeka upana wa ukucha wangu. Hilo halikunituliza hata kidogo. Kitu kisichokula udongo, kisichokua, na bado hakifi, chakula chake kinatoka wapi na kinakwenda wapi? Nilijaribu kuweka kidole kwenye ncha ya mzizi nione kama nitahisi kunyonywa. Nilihisi ubaridi tu, lakini usiku ule nilikataa kukitumia kile kidole kulia chakula.

Tena ushahidi ulikuwa mbele ya macho yetu. Kiti cha baba mezani kilikuwa kimepakana na rafu ile. Jioni alirudi kutoka mjini amechoka, shingo imekonda, mashati yanampwaya, akaketi hapo na kuegemea huku amefumba macho. Bibi alikuwa akimtazama, anatikisa kichwa. "Yuwakauka," alisema, na mimi nikaitikia moyoni kwamba ni kweli, anakauka.

Ndipo nilipogundua hila yenyewe. Majani yalikuwa mavivu, lakini mizizi haikuwa mivivu! Mzizi mmoja, wa rangi ya majivu, ncha yake ya kijani iking'aa, ulikuwa umeacha gogo na kuanza kushuka kwenye rafu. Urefu ambao jani liliutafuta muhula mzima, mzizi ule ulimaliza kwa wiki. Na ulikuwa unaelekea kwenye kiti cha baba. Kulikuwa na dirisha upande mmoja na ukuta mtupu upande mwingine, lakini ulichagua kiti.

Sikumwambia mama. Mmea ulikuwa wake, aliuleta mwenyewe, aliunywesha maji kwa upole kuliko alivyonisuka nywele. Nilianza kumshuku hata yeye. Nilimtazama anavyoupangusa majani kwa kitambaa chenye unyevu, nikajiuliza kama anajua. Siku hizo Bibi naye alikuwa amefungua bahasha ya picha za binti mmoja wa mtaani kwao, amejifunika vizuri, anatabasamu. Alimwonyesha baba kila mama alipokwenda dukani. "Mtoto wa watu," alisema, "na kwao huzaa." Nilidhani tunatafutiwa mfanyakazi wa ndani.

Jioni moja, Ramadhani ikiwa imekaribia, baba aliingia, akavua koti, akavuta kiti chake akae. Hakikuvutika vizuri. Nikaangalia. Ule mzizi ulikuwa umeufikia mgongo wa kiti na kujibandika kwenye mbao, umelala bapa, umeshika.

"Baba, usikae hapo!" nilipiga ukelele. "Kirukia kitakunyonya! Bibi alimwambia shangazi kitakukausha, eti miaka yote kimetoa jani moja tu, na Ramadhani haiingii kikiwa humu ndani!"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la wali. Maneno mengi ya pwani yalikuwa mageni kwake, lakini lile la kirukia alilielewa palepale, maana uso wake ulibadilika. Nikaogopa, nikajua nimeisema siri, ila sikujua ni siri ya nani.

Baba aligeuka. "Kirukia kipi, mama?" akamuuliza Bibi kwa sauti ya chini.

"Maneno ya watoto hayo," Bibi akasema, akijitengeneza mtandio. "Ni huo mti wa mkeo. Mtoto aliniuliza, nami nikamwambia."

Mama akaweka bakuli mezani. Akachutama nyuma ya kiti, akaugusa mzizi kwa kidole. "Si kirukia, mama," akasema bila kumtazama Bibi. "Hii inashika tu. Haili mti. Ukiing'oa kwa nguvu, ni yenyewe inaumia." Alisema "hii" na "yenyewe" zake za Nairobi, na jioni ile hakuna aliyemsahihisha.

Nilimngoja baba aung'oe. Badala yake alikizunguka kiti, akaketi pale pale, akajisogeza nyuma taratibu asije akaukata ule mzizi, akaegemea. "Nipakulie, Mariamu," akasema.

Mimi nilibubujikwa na machozi. Nilimwona baba mkaidi, mtu aliyeonywa na mwanawe akapuuza. Wiki nzima nilimkagua shingo. Bibi alirudi Mombasa na bahasha yake kabla mwezi haujaandama, na mzizi ule tukauachia kiti.

Nilikuwa mtu mzima, harusini Mombasa, na sahani ya biriani mkononi, nilipomsikia Shangazi Zuhura akimsengenya mke wa mtu mmoja. "Kirukia kile," alisema, "kimemng'ang'ania mtoto wa watu." Biriani ikanishinda. Yale maneno ya simu yakanirudia yote, moja moja, kila moja na maana yake. Haukuwa mmea hata siku moja. Kirukia alikuwa mama yangu, na lile jani moja tu, katika miaka yote ile, lilikuwa mimi. Nilikasirika, na ile hasira sijaimaliza. Nilikumbuka pia jinsi nilivyokuwa nikimshuku mama kwa maji aliyounyunyizia mmea wake, mtu aliyekuwa akiishi nyumbani kwake akipekuliwa hadi nguo zilizoanikwa.

Ila nilimkumbuka baba zaidi. Miaka yote nilidhani jioni ile hakunisikia. Kwao mtoto hamjibu mama yake, hata akiwa na mvi, na baba hakumjibu. Aliketi tu, akaegemea, akapokea wali mkononi mwa mke wake, huku mama yake akimtazama.