Prosesa ya Mnadi

Sokoni walimwita Mnadi, kwa kuwa ndiye aliyenadi nguo pale tangu ujana wake, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko mikono ya wanunuzi. Kisha maradhi yakamnyang'anya sauti, yakaiua na miguu. Tangu hapo aliipakata kompyuta kwenye kiti chake cha magurudumu, akaandika, nayo ikamsemea.

Lakini prosesa, ule ubongo wa mashine, ilikuwa inakata roho. Mzaha wake ulifika watu wamekwisha kuaga. Siku hizi aliandika mara chache, na hilo ndilo lililomtisha mkewe: mume wake alikuwa ananyamaza mara ya pili.

Fundi aliweka prosesa mbili juu ya kitambaa.

"Zote zinaingia. Hii ni ya nyumbani: kuandika, redio, simu za video. Hii nyingine ina nguvu, ila hupata moto sana."

"Weka yenye nguvu," akasema mdogo wake Mnadi. "Kaka hajazoea mwendo wa kobe."

"Shemeji, tufikiri kwanza," mke wa Mnadi akasema.

"Punda hununuliwa anayebeba, shemeji."

Mnadi akagonga meza. Alikuwa amekubali.

Fundi alipomaliza, Mnadi akaipakata. Vidole vikakimbia, na sauti pamoja navyo.

"Nani anamnunua mdogo wangu? Anakula sana, kazi hataki."

"Mimi sina bei, kaka."

"Ndiyo maana unadoda."

Mkewe alicheka mpaka akafuta macho. Feni ikaanza kuvuma. Aliinama amwekee mumewe shati sawa, mkono ukapita chini ya mashine, akauchomoa kama aliyegusa sufuria jikoni. Akamtazama usoni. Mnadi alikuwa bado anacheka.

Akaikumbuka ile chai iliyomwagika juu ya mapaja hayo. Hakuna aliyejua, hata Mnadi mwenyewe, mpaka alipomvua nguo, na kidonda kilikaa masika yote.

"Izime."

"Sitaki," mashine ikajibu papo hapo.

"Inakuunguza, baba watoto."

"Siungui."

"Hujui kama unaungua."

Akamkunjia suruali hadi mapajani. Ngozi ilikuwa nyekundu. Shemeji akageukia ukutani.

"Basi ataiweka mezani," akasema.

"Na sokoni, meza nitabebewa na nani?" Mnadi akaandika. Vidole vikasita. "Fundi. Hiyo ndogo ya nyumbani inachelewa kiasi gani?"

"Kidogo. Kama mtu anayemeza mate kabla ya kusema."

Mnadi alikaa ameshikilia kifuniko cha kompyuta kwa mikono yote miwili. Mkewe hakumnyang'anya. Feni ilivuma. Mwishowe akakiachia mwenyewe.

Ilipofungwa prosesa ndogo, mkewe aliutia mkono chini ya mashine, akauacha humo. Mnadi akaandika. Kukawa kimya. Shemeji akafungua kinywa akizibe kimya hicho. Mke wa Mnadi akamkatia jicho.

"Mara ya kwanza," ikasema mashine, kwa ile hesabu ya mnada.

Wakangoja. Chini ya kiganja chake palikuwa na uvuguvugu tu.

"Mara ya pili."

Hata fundi aliweka bisibisi chini, akangoja.