Nzi wa Nyuma ya Zizi

Sisi tuliokulia kijiji cha Kinyangiri miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, tunakumbuka sabuni za kila rangi zilivyojaa madukani ghafla. Mama yangu alizipenda kuliko kanga. Uwanja wetu ulifagiliwa alfajiri, sufuria ziling'aa, na ole wako utoke kucheza rede uguse ugali wa mtama kabla hujanawa. "Uchafu ni ugonjwa wa kujitakia," alizoea kusema.

Basi fikiria mama alivyoshtuka Dada Naomi, mtaalamu wa wadudu kutoka chuo kikuu, alipopiga hodi na wavu mkononi.

"Shikamoo mama. Naomba nikamate nzi hapa kwako."

Mwiko ulimdondoka. "Nzi? Kwangu? Nani kakutuma uje kuniaibisha?"

Ilibidi baba aingilie, akampeleka mgeni kwenye kichaka cha nyuma ya zizi. Jioni Dada Naomi alituita watoto tuchungulie hadubini yake. Niliruka nyuma nikipiga kelele. Kadudu kadogo kuliko punje ya uwele kalikuwa na macho mekundu kama makaa! Alituonyesha mishipa ya mabawa na vinyweleo vya miguuni, akasema hivyo ndivyo vinavyotenganisha aina moja na nyingine. Kwetu nzi alikuwa nzi tu.

Mwaka uliofuata alirudi akihema kwa furaha. Alikuwa amemlinganisha yule mdudu na wenzake wote waliohifadhiwa makumbusho, akakosa wa kufanana naye.

"Mama, huyu ni mpya kwa wataalamu. Nataka nimpe jina lako."

Mama alishika kichwa. "Mimi! Niitwe nzi mpaka Ulaya?"

"Huyu hagusi uchafu, mama. Anaishi kwenye maua ya kile kichaka chenu."

Mama akainamia hadubini. Alikaa pale muda mrefu, mdomo wazi. "Mungu wangu," akanong'ona, "kumbe amepambwa hivi!" Kisha akainuka, akajifunga kanga vizuri. "Basi mpe jina la kijiji. Tuaibike wote."

Na ndivyo ilivyokuwa.

Watoto wa siku hizi wakiona mdudu hukimbilia kopo la dawa, kisha hao, kwenye simu. Juzi niliwapeleka wanangu kijijini. Nyuma ya zizi pamelimwa alizeti hadi ukutani. Nilizunguka nimeinama, nikipekua majani machache yaliyobaki mpakani.

"Mama, umepoteza nini?" binti yangu akauliza.

"Natafuta nzi."

Akanitazama kwa hofu, akamwita kaka yake.